Wagonjwa wananiitikia "ndiyo sista", lakini presha haishuki

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya kimoja wilayani Ilemela, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya samaki inapofikia. Alhamisi ni siku yangu ya kliniki ya presha na kisukari. Nilipopangiwa kliniki hii nilifurahi, kwa sababu chuoni somo la elimu kwa mgonjwa nililipenda kuliko yote. Siku hizi Jumatano jioni nikikumbuka kesho ni Alhamisi, nguvu zinaniishia.

Asubuhi nasimama mbele ya mabenchi natoa somo. Punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, acheni pombe, acheni sigara, fanyeni mazoezi, mezeni dawa kila siku, rudini tarehe mliyopangiwa. Nauliza, "Mmenielewa?" Benchi zima linaitikia, "Ndiyo sista!" Mwezi ujao nawapima watu wale wale: 168/100, 172/104. Kana kwamba sijasema neno.

Kuna mama mmoja anaanika na kuuza dagaa. Ana presha na kisukari, anatumia vidonge vya aina tatu. Kila akija husema anameza. Siku moja alimwaga pochi yake mezani akitafuta kadi, bahasha za dawa zikatoka zimejaa, nyingine hazijafunguliwa. Mwenzangu wa zamu akamsema kwa sauti, watu wote wakasikia. Yule mama alijibu jambo moja tu: "Kichwa hakijaniuma." Tangu hapo hajarudi.

Mwingine ni mzee, mwalimu mstaafu. Nilipomwambia habari ya kupunguza ugali alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni akasema, "Binti, mimi nimeanza kula ugali kabla mama yako hajazaliwa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini iliniuma. Halafu yupo kijana mvuvi wa dagaa ambaye presha yake inanitia hofu kwa umri wake. Tarehe zake anakosa karibu zote. Ukimuuliza, alikuwa ziwani.

Mganga mfawidhi wetu anasema tatizo langu ni upole. Anataka niwatishe, niwaonyeshe picha za waliopooza na wanaosafishwa figo. Na muda wenyewe wa kukaa na mtu mmoja mmoja sina, foleni inatoka nje mpaka kwenye mwembe.

Mama, niwatishe kweli? Au nikubali tu kwamba watu wazima hawabadiliki, niwe napima, naandika, nagawa dawa, narudi zangu nyumbani?

Sista wa Alhamisi, Ilemela


Marahaba, mwanangu.

La kutisha nilijibu kwanza ili liishe. Usiwatishe. Mtu aliyetishwa hutii siku chache, kisha anaanza kukwepa kila kinachomkumbusha ile hofu, na kinachomkumbusha ni kliniki yako. Habari za figo na kupooza aambiwe, ni haki yake, ila kwa sauti ya kawaida na pamoja na jambo ambalo jioni ya leo anaweza kulifanya. Mfawidhi akiuliza nani kasema, mwambie ni mimi.

Kuhusu kukata tamaa, jua kwamba hauko peke yako. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu yao inavyotakiwa, na kwenye nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Huko kwa matajiri dawa zipo, mabasi yanafika kwa saa, na vyoo viko kila kona. Kwa hiyo usiwaone watu wa mwaloni kama viumbe wa ajabu, wala usijione mwalimu mbovu.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni lile swali la "Mmenielewa?" Hebu niambie, ni nani aliyelelewa vizuri huku kwetu atakayemjibu mtu aliyevaa sare, mbele za watu, "Hapana, sijaelewa"? Wanakuitikia kwa adabu tu, kama wanavyoitikia mahubiri. Hilo swali liache kabisa. Mgonjwa mmoja akifika mezani kwako, mweleze jambo lake, kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake. Lawama uibebe wewe: "Mama, leo nimeongea haraka, sijui kama nimeeleza vizuri. Mkwe wako akikuuliza nyumbani sista kasema nini kuhusu hiki kidonge cheupe, utamwambiaje?" Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, nakujua. Hapo ndipo utasikia kwamba cheupe humezwa presha ikipanda, au kwamba ile "1×2" uliyoandika kwenye bahasha, yaani kimoja mara mbili kwa siku, ameisoma kuwa kidonge kimoja kila baada ya siku mbili. Rekebisha, mwombe arudie tena. Ni dakika moja, labda mbili, na inaokoa mwezi mzima.

Nimehesabu pia maagizo ya somo lako la asubuhi. Ni saba. Mtu aliyetoka nyumbani alfajiri, hajala kwa sababu anapimwa sukari, ana wasiwasi na foleni na bei ya nauli, atabaki na agizo gani kati ya saba? Na hilo la mazoezi, samahani, nilicheka mwenyewe. Mwanamke aliyeinama mchangani toka jua halijachomoza akigeuza dagaa, akabeba beseni kichwani kupanda mlima, unamwambia afanye mazoezi! Amekusikia, na kuanzia hapo ameamua kwamba humjui. Mazoezi mwambie mwalimu wako mstaafu anayeshinda kitini. Yeye dakika 30 za kutembea kwa mwendo wa kutoa jasho, siku tano kwa wiki, zitamfaa sana.

Kabla hatujawalaumu wagonjwa, tukague na zile 172/104 zenyewe. Mtu akipanda mlima kutoka mwaloni, akakaa na papo hapo ukamfunga mkanda huku unamuuliza habari za watoto, kibofu kimejaa na miguu inaning'inia, namba itakayotoka ni kubwa kuliko presha yake halisi. Apumzike dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zikanyage sakafu, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, upishe dakika moja katikati. Na kwa mama mwenye mkono mnene usitumie mkanda mdogo, unapandisha namba. Najua vituo vingi vina mkanda wa saizi moja. Andika barua ya kuomba mpana, na nakala ubaki nayo. Lakini akija mtu na 180/120 au zaidi huku kifua kinambana, haoni vizuri au upande mmoja wa mwili umelegea, habari ya kufundisha iishe hapo hapo, mwite daktari na rufaa iandaliwe.

Sasa tuje kwa mama wa dagaa, maana naona ndiye aliyekufanya uandike.

"Kichwa hakijaniuma" ni jibu la mtu mwenye akili timamu. Maisha yake yote dawa amezimeza kwa maumivu: kichwa kikiuma anameza, kikipoa anaacha, na malaria vilevile, dozi ikiisha imeisha. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kwamba presha ya kupanda kwa watu wengi haiumi popote na inaharibu mishipa kimyakimya miaka na miaka, na kwamba namba ikishuka ni kwa sababu dawa ipo mwilini, akiiacha inapanda tena. Mwonyeshe kwenye kadi yake mwenyewe. Mwezi aliomeza, namba hii. Mwezi aliokatisha, namba ile. Kadi yake ataiamini kuliko mabango yote yaliyobandikwa ukutani.

Ila sidhani kama kichwa ndiyo sababu pekee. Hukunitajia vidonge vyake ni vipi, lakini kama kimojawapo ni cha kupunguza maji mwilini, nina dhana yangu. Mama huyu yuko mchangani au sokoni toka alfajiri hadi mchana. Choo kiko wapi? Akiondoka, nani atawalinda dagaa na kunguru, na nani atauza? Kidonge kinachompeleka haja ndogo kila baada ya muda mfupi atakiacha, na hatakuambia, kwa sababu ni aibu kumwambia binti wa umri wako. Muulize wewe: "Kati ya hivi, kipo kinachokuchosha au kukusumbua ukiwa kazini?" Ukipata jibu hilo, nenda kwa daktari mkubaliane. Pengine atakimeza akishafika nyumbani saa 8 mchana badala ya saa 12 asubuhi, na usiku atalala vizuri. Dozi na aina ya dawa usibadilishe mwenyewe, ila anayejua habari ya choo ni wewe, daktari hajui mpaka umwambie.

Na mengine yako hivyo hivyo. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, wakadhani figo zimekufa wakaitupa. Enalaprili na ndugu zake, za presha pia, huwaletea wengine kikohozi kikavu, na mtu akikohoa mwaloni majirani wanaanza kunong'ona kifua kikuu. Metformini ya kisukari huvuruga tumbo ikimezwa bila chakula. Haya yote yana njia: kubadilishiwa dawa, kumeza katikati ya mlo, kuanza na dozi ndogo. Lakini mgonjwa asipoulizwa anachagua njia yake, ambayo ni pochi. Ukimaliza hapo muulize pia, bila kukunja uso, kama ana mizizi au unga anaotumia kutoka kwa mtu mwingine. Usidharau atakachokitaja. Ukicheka mara moja, hutakisikia tena, na baadhi ya hizo dawa zinahitaji kujulikana.

Chakula ndiko nataka nikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo wauguzi wengi tunafundisha jiko la kitabuni.

Wagonjwa wako wengi wameshaacha ile wanayoiita chumvi mbichi, ya kunyunyiza mezani, na wanaamini iliyochemka kwenye mboga haina neno. Moto hauondoi chumvi. Gramu 2 zilizoingia sufuriani ni gramu 2 zitakazoliwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hicho ni kwa vyakula vyote vya siku. Alhamisi njoo na kijiko na chumvi yenyewe, uwaonyeshe. Kisha waulize: sufuria ya mboga nyumbani kwako inalisha watu wangapi, na unatia vijiko vingapi? Waache wagawanye wenyewe. Wauza dagaa hesabu wanaijua kuliko mimi na wewe.

Hapo wataanza kukutajia mambo ambayo hukuyapanga. Magadi, kwa mfano. Mlenda na maharage yanalainishwa kwa magadi, na magadi yana sodiamu ileile tunayoikimbia kwenye chumvi, ila hayaitwi chumvi, basi hakuna anayeyahesabu. Ugoro wa wazee nao huchanganywa magadi, mbali na tumbaku yenyewe kupandisha presha. Halafu kuna kayabo. Sangara aliyekaushwa kwa chumvi akipikwa bila kulowekwa ni chumvi tupu. Aloweke, amwage maji, aloweke tena, na kwenye mboga asiongeze chumvi nyingine. Nafuu zaidi ni sato au dagaa wasiotiwa chumvi, kwa nyanya, kitunguu, tangawizi na limao. Mwezi wa kwanza ataona chakula kimepooza, kisha ulimi unazoea. Mwambie hivyo mapema, asije akadhani hali itabaki vile daima.

Lakini chumvi mfundishe anayepika. Mzee wako mwalimu hajui hata mkebe wa chumvi unawekwa wapi. Mwombe aje na mke wake, binti au mkamwana, mara moja tu. Na usiseme "chakula cha mgonjwa", kwa sababu familia itapika sufuria mbili wiki ya kwanza, ya pili watachoka. Chumvi kidogo inawafaa wote, wakiwemo watoto.

Kwa upande wa kisukari, imani iliyoenea ni kwamba adui ni sukari ya kwenye chai. Mtu anakunywa chai kavu kwa majivuno makubwa, pembeni ana bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mchana mlima wa ugali wa muhogo, na akila dona anadhani hiyo ni dawa. Dona ni bora kuliko sembe, ina nyuzinyuzi, lakini bado ni wanga, na wanga wote huishia kuwa sukari kwenye damu. Ushauri wa ngumi unafaa: ugali usizidi ngumi yake, nusu ya sahani iwe mboga za majani, matembele, mchicha, mgagani, chochote cha msimu. Tatizo, sisi tunakula sinia moja. Apunguze kutoka wapi, na nani atajua tonge zake ni ngapi? Atenge sehemu yake kabla hawajaketi, au akate upande wake wa ugali mapema na ukiisha asisogee kwa jirani. Muulize ipi itawezekana nyumbani kwake bila maneno kutoka kwa mawifi. Mawifi usiwapuuze.

Onyo moja hapa, na hili usilikosee. Kabla hujamwambia mtu wa kisukari apunguze chakula, tazama kadi yake. Kama anatumia vidonge vya glibenklamidi, vya kushusha sukari, au insulini na ana desturi ya kutokula mpaka mchana, sukari inaweza kumshuka ghafla: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, hata kupoteza fahamu. Pale mwaloni watasema kapandwa na mashetani au kalewa. Yeye na mtu anayeuza naye jirani wajue: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe mara moja, wasubiri dakika 15, asipopata nafuu warudie, kisha ale. Akiwa amezimia asiwekewe kitu mdomoni, akimbizwe kituoni. Hata mtu anayejua kwamba sukari ni mwiko kwake lazima aelewe kwamba saa hiyo ndiyo dawa.

Na viatu avue. Kila mara, mbele yako, na wewe utazame katikati ya vidole. Mguu wa kisukari uliokufa ganzi hausikii mwiba wa samaki wala mchanga wa saa 7 mchana, na pekupeku mwaloni ni jambo la kawaida.

Yule mzee nimempenda. Hakukukataa wewe, alikataa kupewa amri na mtoto mbele za watu, na hata mimi ningekataa. Mwanzie na shikamoo iliyotulia, umkalishe, kisha umkubalie: "Ni kweli Mwalimu, kula huwezi kufundishwa na mimi. Naomba unisimulie siku yako toka unapoamka." Atakusimulia, na katikati ya masimulizi atajikamata mwenyewe. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika kuhusu namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la ulevi bila kubishana nao, na mpaka leo wauguzi wanafundishwa njia hiyo: ukimsukuma mtu abadilike, yeye hukitetea kwa nguvu kile anachokifanya, lakini ukimuuliza vizuri, sababu za kubadilika anazitaja yeye. Kwa hiyo mwulize angependa kuanza na lipi. Akichagua, mwambie anyooshe vidole, kumi ikiwa ana hakika kabisa atalifanya, kimoja ikiwa anakufurahisha tu. Akinyoosha vinne, usimkemee. Muulize kwa nini si viwili, halafu kitu gani kingevifanya vifike saba. Akishakuzoea, mwombe asome yeye maelezo ya dawa kwa wenzake wasiosoma, bila kutaja vipimo vya mtu. Miaka yote hiyo ya chaki isipotee bure chini ya mwembe.

Mvuvi wako ni rahisi kuliko unavyofikiri. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti, wavuvi wanapumzika na kutengeneza nyavu. Wewe unampangia tarehe 12 kwa kalenda ya ukutani wakati yeye anaishi kwa mwezi wa angani. Muulize mbalamwezi ijayo ataamkia kambi gani, na hiyo ndiyo iwe tarehe yake. Dawa asiambiwe "usiku kabla ya kulala", maana usiku yuko kazini. Kama ni ya mara moja kwa siku, aimeze asubuhi mtumbwi ukishafika nchi kavu na uji uko mkononi. Kadi aitunze kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, na akihamia visiwa vya Ukara au Kome aende nayo kwenye zahanati ya huko. Mwombee kwa daktari dawa za muda mrefu zaidi kama stoo inaruhusu.

Umesema muda huna. Nakuamini. Basi wale wanaosubiri wafanye sehemu ya kazi. Badala ya kuhutubia, uliza: "Nani hapa ana ujanja wa kutosahau dawa?" Mmoja atasema anaziweka kwenye kopo la majani ya chai, mwingine mjukuu humkumbusha, mwingine hufuata taarifa ya habari ya redio. Wataiga hayo haraka kuliko yako. Kliniki za CTC, za watu wanaoishi na VVU (WAVIU), zililijua hili zamani, ndiyo maana zina WAVIU washauri: anayemeza dawa anamshauri anayezianza. Kwa presha na kisukari tumechelewa, sielewi kwa nini, lakini hakuna anayekuzuia kuanza na watu wawili wa Alhamisi waliotulia. Kisha mezani kila mmoja apate jambo moja tu kwa ziara. Moja. Mengine sita yatasubiri, muda wa kufundishana mnao, ugonjwa wenyewe ni wa kudumu.

Mwenzako wa zamu ongea naye mkiwa wawili, na chai. Usimfanyie alichomfanyia yule mama.

Na huyo mama asingoje kurudi kwa hiari yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa huo anaweza kupita nyumbani kwake, nyumbani si mwaloni, ambako masikio ni mengi. Au nenda wewe siku ya mapumziko bila sare, nunua sado ya dagaa, msalimie, ugonjwa usiutaje kabisa mbele za watu. Ukiagana naye mwambie kwa chini Alhamisi aje saa 8 mchana, foleni ikiwa imekwisha. Akija, bahasha za dawa zisiwe mazungumzo ya kwanza. Mwombe msamaha kwa niaba ya kituo, apumzike zile dakika 5, mpime, tazama miguu, halafu ndipo muulize kidonge gani kinamsumbua na saa ngapi za siku yake zina nafasi. Mtakachokubaliana kiandike kwenye kadi kwa Kiswahili kinachosomeka, "anameza cha maji saa 8 mchana, tumeanza na chumvi ya mboga", ili atakayekuwa zamu mwezi ujao aulize hilo hilo, asimwanzishie somo jipya.